Njia ya Baiskeli Katikati ya Mji

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Tukuyu na Rungwe, kama lilivyosomwa redioni

Fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno mawili: ukingo, kipande. Ukingo ni yale mawe au zege iliyoinuliwa kidogo kando ya barabara, ili gurudumu la motokaa lisipande mahali pa watu. Kipande mnakijua. Maneno haya mawili tutayakuta mara nyingi katika somo la leo.

Twataka kujua historia ya jambo hili: kumtengea mwendesha baiskeli njia yake katika mji wenye magari mengi, na kuifikisha njia hiyo mpaka katikati ya mji.

Najua yuko mmoja nyuma ya darasa anayecheka. Anasema, "Mwalimu, baiskeli kwa milima hii yetu?" Ana haki ya kucheka. Shuka Kyela, kwenye tambarare na mashamba ya mpunga, utaona baiskeli kila mahali. Panda huku Tukuyu, utaona pikipiki. Lakini kumbukeni kwamba neno bodaboda lenyewe lilikuwa jina la baiskeli. Miaka ya 1960 pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walichukua abiria nyuma ya baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hata upande wa pili, na jina likatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Pikipiki ilikuja baadaye ikarithi jina. Hapa Tanzania pikipiki za bei nafuu kutoka China zilizidi sana baada ya mwaka 2000, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za kuziruhusu kuchukua abiria kwa leseni. Tena, swali la njia ya baiskeli si la mwenye baiskeli peke yake. Ni swali la kila mtu asiye ndani ya motokaa: mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, mtoto wa shule, mzee mwenye fimbo. Wote hao hugombea ule ukanda mwembamba wa kando.

Basi tuanze nyumbani. Zamani za Wajerumani mji huu uliitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa sababu Langenburg ya kwanza ilikuwa chini, kando ya Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 boma likawa huku juu. Vitu vya boma na vya misheni vilifikaje? Vilibebwa na watu, vichwani na mabegani. Mwaka 1916 Waingereza waliingia kutoka Nyasaland wakauteka mji. Katika vita ile mizigo ya majeshi ya pande zote mbili ilibebwa na wapagazi, na maelfu kwa maelfu wao walikufa njiani kwa maradhi, njaa na uchovu. Barabara nyingi za nchi hii zilichimbwa kwa jembe na sururu, na wengi waliozichimba hawakuwa na hiari. Wengine walifanya kazi hiyo kwa kuwa hawakuwa na fedha ya kodi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba barabara iliumbwa kwa ajili ya motokaa, mwambie ilichimbwa na watu wa miguu, na ikatumiwa na watu wa miguu miaka mingi kabla motokaa hazijawa nyingi. Vijana wa Rungwe walitembea kwa miguu mpaka machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Wengine walikwenda mbali zaidi, hata machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waliporudi walileta nguo na mablanketi, na aliyebahatika alileta baiskeli.

Baiskeli ilikuwa chombo cha kwanza chenye magurudumu ambacho mkulima aliweza kukinunua kwa fedha yake mwenyewe. Karani alikuwa nayo, mwalimu na mwinjilisti pia, na mkulima wa kahawa mwenye msimu mzuri. Juu ya karia yake alifunga gunia, au debe la maziwa, au mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Baada ya uhuru zikaja Phoenix za China na Avon za India, nzito kama punda na zenye uvumilivu kama punda.

Chombo hiki kilizaliwa wapi? Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alitengeneza magurudumu mawili ya mti yaliyounganishwa kwa ubao. Hakikuwa na pedeli. Mtu alikaa juu akasukuma ardhi kwa miguu yake. Pedeli zikaja Ufaransa katika miaka ya 1860. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo baiskeli tunayoijua hata leo. Mwaka 1888 John Dunlop, huko Belfast, akaweka upepo ndani ya mpira wa gurudumu. Dunia ikafurahi, na dunia ikataka mpira. Jirani zetu wa Kongo wakalipa furaha hiyo kwa damu: watu wa mfalme Leopold wa Ubelgiji waliwapiga, wakawakata mikono na kuwaua watu wasiotimiza kipimo cha mpira wa porini. Hilo ni somo lake peke yake, lakini si vema kulipita kimya.

(Kengele. Darasa lipumzike kidogo. Mwalimu aulize: Baiskeli ya Drais ilikosa nini?)

Tuendelee. Njia ya kwanza ya baiskeli huko Uholanzi ilifunguliwa mwaka 1885 katika mji wa Utrecht, kwenye barabara ya Maliebaan. Haikuwa ya wafanyakazi wala wauza maziwa. Ilikuwa ya mabwana wenye nafasi, waliokwenda kupunga upepo na kushindana. Vivyo hivyo Marekani: mwaka 1894 njia ilifunguliwa Brooklyn kuelekea ufuko wa Coney Island, watu waende baharini kujifurahisha. Hapo baiskeli ilikuwa anasa.

Miaka 40 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Baiskeli ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda, na mwenye nafasi alikuwa ndani ya motokaa. Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1934 Waziri wa Usafiri wa Uingereza, Leslie Hore-Belisha, alifungua njia ya baiskeli kando ya barabara ya Western Avenue, magharibi ya London, kipande cha kilomita nne hivi. Mnadhani waendesha baiskeli walishangilia? La. Vyama vyao vilipinga. Walisema: leo mnatupa kipande hiki chembamba, kesho mtatuambia barabara yenyewe si yetu. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana mwaka uo huo Ujerumani ilitunga sheria kwamba penye njia ya baiskeli, mwenye baiskeli lazima aitumie. Njia hizo zilikusudiwa zaidi kuifungulia motokaa nafasi ipite kwa mwendo wa kasi. Kwa maneno mengine, ukingo waweza kumlinda mtu, na ukingo uo huo waweza kumfukuza. Kuutazama tu hakutoshi kukuambia ni upi kati ya hayo mawili; sharti uulize njia inatoka wapi, inakwenda wapi, na inaishia wapi.

Swali hilo la mwisho, inaishia wapi, Waholanzi walilijifunza kwa gharama. Baada ya vita kuu ya pili walinunua motokaa kwa wingi, miji yao ikabomolewa sehemu kuzipisha. Mwaka 1971 peke yake watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na kati yao watoto zaidi ya 400. Wazazi walitoka nje. Walianzisha chama ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Acheni kuua watoto". Walilala barabarani, walifunga mitaa ili watoto wacheze. Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda dunia nzima, na serikali ikawa na sababu mbili za kusikiliza.

Ikafanya nini? Katika miaka ya 1970 ilitoa fedha kwa miji miwili, Tilburg na The Hague, kila mmoja ujenge njia moja nzuri ya baiskeli kupita mjini. Zikajengwa, zikapendeza. Wataalamu wakahesabu. Waliona kuwa waliopita njia hizo walikuwa na usalama zaidi na raha zaidi, lakini idadi ya watu waliopanda baiskeli mjini haikuongezeka kwa kiasi kilichotumainiwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu hasafiri juu ya njia moja. Husafiri kutoka mlangoni kwake mpaka mlango wa kazi yake, au sokoni, au shuleni. Ikiwa kilomita tatu ni salama na mita 200 za mwisho, penye makutano na malori, ni za hatari, mama atampima mtoto wake kwa zile mita 200. Hatamruhusu. Mji wa Delft ukafuata njia nyingine: uliunganisha vipande vyake vyote, vikubwa na vidogo, hata vikawa kama wavu wa samaki, na huko matumizi ya baiskeli yakapanda. Baadaye sana Sevilla, mji wa Hispania, ulifanya hivyo kwa haraka. Kufikia mwaka 2007 ulikuwa na njia zilizounganishwa za kilomita 80 hivi, na ili kupata nafasi uliondoa maelfu ya mahali pa kuegesha motokaa. Mji ambao karibu hapakuwa na wapanda baiskeli ukawa nao wengi katika miaka michache.

Wavu wenye tundu kubwa hauleti samaki. Ninyi wa pande za ziwa hamna haja ya kufundishwa hilo.

Sasa turudi Tanzania. Katika miaka ya 1990 ulifanywa mpango wa majaribio katika miji minne ya Afrika Mashariki: Nairobi na Eldoret kwa Kenya, Dar es Salaam na Morogoro kwa Tanzania. Huku kwetu kazi ilifanywa Temeke na Morogoro mjini. Walitengeneza njia za miguu na baiskeli, na vivuko vilivyoinuliwa ili motokaa ilazimike kupunguza mwendo. Ilikuwa kazi ndogo, tena ya akili, kwa maana iliwauliza wakazi wenyewe wanapita wapi.

Kazi kubwa ilikuja na mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam. Mabasi hayo yalianza mwezi wa Mei 2016, katika barabara za urefu wa kilomita 21 hivi: kutoka Kimara, kwa Barabara ya Morogoro, kupitia Ubungo na Magomeni mpaka Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Kariakoo. Basi lina njia yake katikati. Motokaa nyingine zina njia zao pande mbili. Na kando, nyuma ya ukingo, ilijengwa njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli. Kwa kazi hiyo Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, mji wa kwanza wa Afrika Mashariki kuipata. Tuzo ilistahili. Barabara hiyo kuu ilichorwa ikiwa na mahali pa mwenye baiskeli tangu kwenye karatasi ya mhandisi, siyo kama kitu cha kubandika baadaye.

Lakini nenda ukapite humo kwa baiskeli. Hapa motokaa imeegeshwa juu ya njia. Pale bodaboda anapita humo humo kukwepa foleni. Mbele kidogo kuna meza ya mitumba, na jiko la muuza chipsi. Na ukitoka nje ya barabara hiyo moja kuingia mitaa mingi ya mji, njia imekwisha; umerudi kati ya daladala na lori la mchanga. Ndiyo sababu chama cha waendesha baiskeli cha Dar es Salaam, UWABA, kimekuwa kikifanya misafara ya baiskeli mjini na kuomba njia ziongezwe na zilindwe. Waendesha baiskeli wa mji ule wengi si watu wa kupunga upepo. Ni wauza mkaa, wauza maziwa, wachuuzi wa samaki na wa mikate, mafundi. Baiskeli ndiyo duka lao.

Na yule mwenye meza ya mitumba? Tusimseme vibaya haraka. Yeye naye yupo pale kwa kuwa pale ndipo watu wanapopita. Ungemweka uchochoroni asingeuza hata soksi. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara katika miji mingi ya Tanzania wakapelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Njia zikawa wazi, na wengi wao wakalia kwamba wateja hawafiki huko. Mimi naona kosa lilifanywa mapema zaidi, mezani kwa mchoraji. Barabara ilipewa njia nyingi za motokaa, kisha mwenye baiskeli, mwenda kwa miguu na mchuuzi wakaachiwa ukanda mmoja wagombanie wenyewe kwa wenyewe. Watatu maskini wakipigana kwa ajili ya mita tatu, hakuna anayemtazama mwenye mita kumi na nne.

Wenye maduka nao huogopa. Husema, mkiondoa maegesho mbele ya duka langu, mteja hatakuja. Ni neno la kusikilizwa, lakini lipimwe kwa hesabu. Wataalamu wa usafiri hukadiria kwamba ukanda wa upana wa mita tatu na nusu mjini, ukitumiwa na motokaa, hupitisha watu wapatao 2,000 kwa saa. Ukanda huo huo ukitumiwa na baiskeli huweza kupitisha zaidi ya 10,000. Mwenye duka na ajiulize wateja wake hufika kwa nini.

Wenzetu wa Nairobi wamelijadili jambo hili pia. Mwaka 2015 serikali ya kaunti yao ilitoa sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, na ikaahidi kutenga sehemu ya fedha za barabara kwa kazi hiyo. Miaka ya 2020 na 2021 mitaa kadhaa ya katikati ya mji ilitengenezwa upya, mahali pa miguu pakapanuliwa na njia za baiskeli zikachorwa. Huko nako kilio ni kile kile: kipande hapa, kipande kule.

(Kengele. Darasa lijibu: Kwa nini vyama vya baiskeli vya Uingereza vilipinga njia ya mwaka 1934?)

Nimebakiza Tukuyu. Barabara kuu inatoka Uyole, inapanda Isyonje, inashuka Kiwira, inafika kwetu, kisha inateremka mpaka Kasumulu kwenye mto Songwe na nchi ya Malawi. Malori ya nchi mbili hupita humo. Mvua yetu mnaijua, ukungu mnaujua. Na watu wa Rungwe huishi kando ya barabara hiyo, huuza ndizi na viazi kando yake, na watoto huifuata kwenda shule. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Mwendo ndio unaoamua. Mtu akigongwa na motokaa iendayo kilomita 30 kwa saa, mara nyingi hupona. Ikienda 60, hatari ya kufa huwa kubwa zaidi sana. Katika mteremko lori halihitaji hata mafuta kufika 60.

Kwa hiyo njia ya kando, kwetu, haiwezi kuwa nakala ya Dar es Salaam. Mlima unataka mambo yake. Anayepanda na baiskeli huenda polepole na hutetereka, mara nyingi hushuka akaisukuma. Huyo ndiye anayehitaji nafasi pana zaidi kuliko anayeteremka. Mtaro wa maji ya mvua sharti uwe na kifuniko, la sivyo utakula nusu ya njia. Na kipande cha kuanza nacho si kile cha nje ya mji penye nafasi tele na ujenzi rahisi. Kipande cha kuanza nacho ni penye stendi, soko na shule, ambapo nafasi ni haba na kila mtu ana neno la kusema. Ni kazi ya ugomvi hiyo, na ndiyo sababu miji mingi huiacha mpaka mwisho, kisha hawaifikii.

Kazi ya nyumbani ni hii. Siku ya soko, wanafunzi watatu watatu wasimame mahali pa usalama kando ya barabara kwa saa moja, wakiwa na daftari na penseli. Chora safu nne: miguu, baiskeli, pikipiki, motokaa. Kila kinachopita, weka mstari mmoja katika safu yake. Ukifika mistari mitano, funga fungu. Asiyeweza kuandika upesi na ahesabu kwa punje za mahindi, mwenzake aandike. Saa ikiisha, jumlisheni kila safu. Kisha pimeni kwa hatua upana wa mahali pa watu wa miguu palipo karibu nanyi, kutoka kwenye ukingo au mwisho wa lami mpaka kwenye mtaro. Msiingie barabarani kupima. Upana wa lami mkaulize ofisi ya barabara.

Andikeni hesabu zote mbili katika ukurasa mmoja, pamoja na jina la mahali na tarehe. Juma lijalo mwalimu wa darasa atazisoma kwa sauti, na nakala moja ipelekwe kwa diwani wa kata. Kwaherini.